Usimuulize mtoto anapenda somo gani

Nimekaa kimya siku nyingi, kazi zilinibana. Leo siji na habari za programu mpya. Nakuja na habari za shule, na jinsi mimi mwandishi wa programu nilivyojaribu kumsaidia mwanafunzi mmoja nikaishia kumchanganya zaidi. Keti basi, ni hadithi ndefu kidogo.

Katikati ya mwaka 2025 nilikwenda kumtembelea dada yangu upande wa Konoin, Bomet. Binti yake alikuwa Gredi ya 9, na siku hiyo alikuwa amerudi na fomu kutoka shuleni. Alitakiwa achague mkondo wa masomo atakaoufuata akifika Sekondari Pevu, achague mchanganyiko wa masomo matatu, kisha achague shule 12 ambazo angependa kupelekwa. Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati kama kawaida yake. Tukaketi mezani: dada na kikombe chake cha chai, mimi na kompyuta yangu, mtoto na kalamu. Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akauliza:

"Mjomba, hapa naandika ninachopenda au ninachoweza?"

Sikuwa na jibu. Na tangu siku hiyo swali hilo halijanitoka kichwani.

Kwa wasomaji wangu walio nje ya Kenya, nieleze kwa kifupi. Sisi wa zamani tulisoma mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Mfumo huo unaondoka polepole. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na wa mwisho wa KCSE utafanywa 2027. Mahali pake umekuja mtaala wa umilisi, ambao wengi wanauita CBC, ulioanza kufundishwa nchi nzima 2019. Watoto wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025, zaidi ya milioni 1.1, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Hapo ndipo wanapogawanyika katika mikondo mitatu. Wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana kama STEM. Wa pili ni Sayansi ya Jamii. Wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati na Huduma kwa Jamii ni vya lazima. Mengine matatu mwanafunzi anajichagulia.

Neno "anajichagulia" ndilo lililonifurahisha sana mwanzoni. Wakati wetu hakuna aliyetuuliza kitu. Mimi nilikutana na kompyuta kwa bahati tu, na kama bahati hiyo ingenipita sijui leo ningekuwa nafanya nini. Pengine ningekuwa nachuma chai, na si vibaya, lakini nisingekuwa nimechagua. Kwa hiyo niliposikia kwamba sasa serikali inamuuliza mtoto wa miaka 14 au 15 anataka nini, nilisema naam, hatimaye!

Lakini rudi mezani pale kwa dada. Mwalimu wa mtoto alikuwa ameshauri Sayansi ya Jamii, kwa sababu hisabati yake ilikuwa kwenye daraja la "anakaribia matarajio". Dada yangu alitaka auguzi, kwa sababu binti wa jirani ni muuguzi na amewajengea wazazi wake nyumba. Mimi nilitaka kompyuta. Na kati yetu sote mimi ndiye niliyekuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeivalisha tamaa yangu nguo za sayansi. Nilikuwa nimekuja na programu!

Ndiyo, niliandika programu. Maswali kama arobaini hivi. Unapenda kusoma au kusikiliza? Ukifundishwa njia ya kwenda mahali, unataka ramani au maelezo? Ukipewa redio mbovu, unaifungua au unasoma kitabu chake? Ukimaliza, programu inakuambia wewe ni mtu wa kujifunza kwa macho, au kwa masikio, au kwa mikono. Kisha inakupendekezea mkondo. Ilikuwa na rangi nzuri na mchoro wa duara unaozunguka. Mpwa wangu akaijaza, ikasema yeye ni wa mikono. Akafurahi. Dada akafurahi. Mimi nikafurahi kuliko wote.

Usiku nikaanza kutafuta ushahidi wa kile nilichokuwa nimeandika, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Nikapata kwamba mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili hili. Walikubali kwamba watu wana mapendeleo. Ukimuuliza mtu kama anapenda picha au maneno, atakujibu. Lakini walipotafuta ushahidi kwamba mwanafunzi wa "macho" hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa macho, na wa "masikio" akifundishwa kwa masikio, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuyafanya mashule yafuate njia hiyo. Tafiti chache zilizopimwa vizuri nyingine zilionyesha kinyume.

Kuna utafiti mwingine uliniumiza zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Wengine waliambiwa wasome tena na tena. Wengine wasome, kisha wafunike karatasi wajaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojijaribu walikuwa mbele kwa mbali. Na sasa sikiliza hii: waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Njia waliyojisikia vizuri nayo siyo iliyowafaa.

Basi nikaifuta programu yangu. Sikuihifadhi popote. Niliifuta.

Hapo nikaona kwamba tunachanganya vitu vitatu. Kuna anachopendelea mwanafunzi, yaani namna anayojisikia vizuri kujifunza. Kuna kinachomvutia, yaani jambo analolifuata mwenyewe. Na kuna anachohitaji, yaani kile ambacho akikikosa hatajifunza hata umpe mwalimu gani. Fomu inaviweka vyote kwenye kisanduku kimoja. Mtu yeyote anayejua hifadhidata atakuambia kwamba ukiweka vitu vitatu kwenye safu moja, baadaye hutaweza kuvitenganisha.

Chukua mahitaji kwanza. Mtoto asiyeona ubao vizuri anahitaji miwani, si mkondo. Mtoto anayetembea saa nzima kwenye matope asubuhi anahitaji shule ya karibu. Lugha nayo. Mtaala unasema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake mpaka Gredi ya 3, na huku kwetu maana yake ni Kikipsigis. Vizuri. Lakini nenda kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai, utakuta watoto wa Wakisii, Waluo, Waluhya na Wakipsigis wanacheza mpira mmoja, na lugha ya mpira huo ni Kiswahili. Hitaji la mtoto wa kambi si sawa na la mtoto wa mkulima mdogo aliye kilomita chache tu kutoka hapo, ingawa wote wanaitwa watoto wa nchi ya chai. Hayo yote hayaonekani kwenye fomu ya kuchagua mkondo.

Sasa njoo kwenye kinachomvutia. Muulize mtoto yeyote wa huku anataka kuwa nani. Daktari. Rubani. Mwalimu. Mhandisi. Wakili. Orodha ni ile ile, shule baada ya shule. Watu wazima wanacheka wanasema watoto hawana ubunifu. Mimi nasema hapana! Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili vizuri. Ukimwekea mtumiaji orodha yenye vitu vitano, atachagua kimoja kati ya vitano. Ukienda kwa bosi wako na kumwambia "watumiaji wanapenda hiki", unadanganya. Hukupima wanachopenda. Umepima ulichowawekea.

Tazama walichowekewa watoto wetu. Kila siku lori la majani linawapita barabarani. Kiwandani majani hayo yananyaushwa, yanapondwa, yanachanwa na kukunjwa, yanaachwa yabadilike rangi kwa hewa, yanakaushwa, yanachujwa kwa ukubwa. Kila hatua ina joto lake, unyevu wake na muda wake. Kuna mtu kazi yake ni kuonja chai kwa kijiko siku nzima na kuamua bei. Kericho kuna Taasisi ya Utafiti wa Chai, ambapo aina mpya za miche huzalishwa; chai ya zambarau ilitolewa kwa wakulima 2011, na ni kazi ya Wakenya. Ni watoto wangapi wamewahi kuingia ndani ya geti la mahali hapo? Wengi wanajua harufu ya kiwanda tu, upepo ukivuma.

Na michezo je? Mtu wa kwanza kuiletea Kenya medali ya Olimpiki alikuwa mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut, aliyepata shaba katika mita 800 huko Tokyo 1964, kisha fedha huko Mexico 1968. Bado mzazi wa huku akisikia mtoto anataka mkondo wa Sanaa na Michezo anashika kichwa. Kisha tunasema mtoto "hakuvutiwa".

Jambo hili si la anasa, ndugu msomaji. Mwezi Mei 2023, Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto kwenye maandamano. Watu walikuwa na hasira kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi. Siungi mkono kuchoma mali, lakini hasira yao naielewa, maana mikono hiyo ndiyo iliyolipa karo yangu. Mashine hazitaondoka. Mtoto anayekaa darasani leo hatapata kazi ile ambayo mama yake aliipata. Tukimkosea katika kuchagua, hakuna shamba la kumrudisha.

Basi turudi kwa mpwa wangu.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza kituo cha kununulia majani. Dada anauza majani yake pale. Karani ana mizani ya kielektroniki, anatundika gunia, namba zinatokea, karatasi inatoka. Tulikuwa kwenye foleni, mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kwenye miti. Nilitaka kuzungumza habari za fomu. Yeye alikuwa anatazama mizani tu. Kisha akasema:

"Mjomba, wanatoa uzito wa gunia. Lakini gunia likilowa si linakuwa zito zaidi? Wanatoa uzito wa gunia kavu au la leo?"

Nilinyamaza. Nikamuuliza amelifikiria hilo tangu lini. Akasema tangu Gredi ya 6. Tena alikuwa na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika tarehe, kama kulikuwa na mvua au hapana, na kilo za mama yake. Kurasa kadhaa, kwa kalamu ya risasi. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Hakuna aliyewahi kuliona daftari hilo. Mtoto ambaye karatasi yake ya shule inasema "anakaribia matarajio" katika hisabati alikuwa akikusanya takwimu kwa miaka mitatu ili ajue kama mama yake anapunjwa!

Simlaumu karani, wala sijui jibu la gunia. Nasema hivi: programu yangu ya maswali arobaini haikuliona daftari lile. Fomu haikuliona. Mimi mjomba wake sikuliona. Kwa sababu sote tulikuwa tunamuuliza "unapenda somo gani?" na mtoto hajui kwamba mizani ni somo. Kwake fizikia ni ukurasa wa kunakili na takwimu ni sura ya mwisho ambayo mwalimu hafiki. Angejuaje kwamba kile anachofanya kwenye foleni ya chai kina jina?

Swali zuri, ndugu msomaji, ni hili: umewahi kufanya nini bila kuambiwa na mtu? Au hili: ni kitu gani kinakusumbua ukakifikiria hata usiku? Hayo mtoto anaweza kuyajibu, kwa sababu anaulizwa habari ya alichofanya, hatakiwi kubahatisha kesho yake. Kazi ya kutafsiri jibu hilo kuwa jina la somo ni ya mtu mzima. Ndiyo maana tuna walimu. Kumwachia mtoto tafsiri hiyo ni kumpa mgeni menyu iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, kisha kumsifu kwa kuchagua.

Najua utaniambia mwalimu wa huku ana darasa kubwa na hana muda wa kukaa na kila mtoto. Ni kweli. Lakini swali moja, karatasi moja, mara moja kila muhula kuanzia Gredi ya 7, haligharimu kompyuta wala intaneti. Mwisho wa Gredi ya 9 kuna karatasi tisa kwenye faili. Hizo karatasi tisa zitakuambia mengi kuliko mchoro wangu wa duara. Na siku moja kwa muhula wapelekwe mahali: kiwandani, hospitalini nyuma ya pazia ambako vipimo vinasomwa, karakana ya magari, kituo cha redio. Si kwa ajili ya kupiga picha. Orodha yao irefuke kabla hatujawaambia wachague.

Jambo la mwisho ni kitufe cha kurudi nyuma. Programu yoyote isiyomruhusu mtumiaji kutengua alichofanya ni programu mbaya, hata iwe nzuri namna gani kwa macho. Mtoto wa miaka 15 akigundua ndani ya muhula wa kwanza kwamba amekosea, mlango wa kuhamia mkondo mwingine uwe wazi, na usiwe mlango wa wenye kujuana na mwalimu mkuu tu. Tunapojenga mifumo tunajua watu watakosea, tunajipanga. Kwa nini kwa watoto tujifanye hawakosei?

Utauliza aliishia wapi. Alichagua STEM, mchanganyiko wenye kompyuta ndani yake. Dada alinung'unika kidogo, akakubali. Januari 2026 akaanza Gredi ya 10 katika shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Sitakudanganya kwamba kila kitu ni asali. Kompyuta ni chache kuliko wanafunzi, na masomo mengine ya kompyuta wanayafanya kwenye karatasi, kama sisi tulivyochora kibodi kwenye daftari. Hisabati bado inampa taabu. Kuna wiki ananipigia analia, na siku hizo najiuliza kama nilimwelekeza vibaya, kama mwalimu wake wa zamani hakuwa na haki.

Lakini mwezi uliopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Alikuwa amenunua mizani ndogo ya jikoni kwa pesa zake za kuchuma, akapima gunia moja kavu, akalilowesha, akalipima tena, akarudia siku kumi. Alitaka kujua jinsi ya kupata wastani, na kwa nini wastani wake haulingani na siku yoyote kati ya hizo kumi.

Nikampigia simu tukazungumza takribani saa nzima. Hakuniuliza kama jambo hilo liko kwenye mtihani.

Sasa wewe, msomaji wangu. Jioni ya leo muulize mtoto mmoja wa nyumbani kwako amewahi kufanya nini bila kuambiwa. Usimsahihishe, usimwambie ni somo gani. Msikilize mpaka amalize. Kisha uniandikie alichokuambia. Hadi wakati mwingine, kaeni salama, na mvua isiwalowanishie magunia!